UZI: Skrini iliyoganda ililipwa, gari lililodukuliwa halikulipwa. Tuzijadili kesi za pamoja za magari ya intaneti Marekani

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, nawasalimu. Kila inapotoka habari ya magari yenye hitilafu ya programu, michango mingi huishia kwenye ushauri mmoja: kampuni ipelekwe mahakamani. Ushauri huo si mbaya, ila unachukulia kwamba kushtaki na kulipwa ni jambo moja, na katika kesi za pamoja (kesi moja inayofunguliwa kwa niaba ya kundi zima la wanunuzi) zinazohusu magari yaliyounganishwa na intaneti huko Marekani, mambo hayo mawili yako mbalimbali sana. Nimezifuatilia kesi hizi kwa miaka, na hoja yangu ni kwamba mahakama haianzi kwa kuuliza kasoro ilikuwa ya kutisha kiasi gani. Huanza kwa kuuliza mnunuzi amepoteza nini, na kama hasara hiyo inaweza kupimwa kwa fedha, kwa kipimo kilekile, kwa kila mtu aliyemo katika kundi. Ndiyo maana kero ya kila siku imewahi kulipwa mamilioni ya dola, ilhali hatari iliyoshtua dunia haikuwapa wadai wake kitu.

Tuanze na kero. Mwaka 2010 Ford ilianza kuuza mfumo wa MyFord Touch, uliojengwa juu ya programu ya Microsoft, ambao uliweka redio, simu, ramani na kipoza hewa katika skrini moja ya kugusa. Wamiliki walilalamika kwamba skrini inaganda, inazimika na kujiwasha upya safarini, haisikii amri ya sauti, na wakati mwingine kamera ya nyuma haionyeshi picha. Kesi ilifunguliwa mwaka 2013 katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California. Mwaka 2016 Jaji Edward Chen aliruhusu sehemu ya madai iendelee kama kesi ya pamoja kwa wanunuzi wa majimbo kadhaa, na mwaka 2019 pande mbili zikafikia suluhu ya dola milioni 17. Malipo ya kila mmiliki yalitegemea hasa ni mara ngapi gari lake lilikuwa na kumbukumbu za kutengenezwa mfumo huo. Nawaomba mlishike jambo hilo la kumbukumbu, maana tutalirudia.

Sasa hatari. Julai 2015 watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa wameketi nyumbani na kompyuta zao, waliingia kupitia mtandao wa simu ndani ya Jeep Cherokee iliyokuwa ikiendeshwa na mwandishi wa habari kwenye barabara kuu karibu na St. Louis. Walipitia Uconnect, mfumo wa skrini na intaneti wa gari hilo, wakafungulia kipoza hewa na redio, wakawasha waipa, kisha wakakata nguvu ya injini isifike kwenye magurudumu, gari likiwa katikati ya magari mengine. Mwandishi alijua kwamba angefanyiwa jaribio, lakini hilo halipunguzi uzito wa kilichoonekana. Siku chache baadaye Fiat Chrysler, kampuni inayotengeneza Jeep, iliita magari milioni 1.4 yarekebishwe, na wamiliki wakatumiwa vijiti vya USB vyenye programu mpya.

Agosti mwaka huohuo kesi ikafunguliwa Kusini mwa Illinois. Wadai hawakusema kwamba magari yao yamedukuliwa. Walisema kwamba walilipa bei ya gari salama wakapewa gari lenye mlango wazi, kwa hiyo walilipa zaidi ya thamani ya walichopewa. Mwaka 2018 jaji aliidhinisha makundi ya wanunuzi wa majimbo matatu, yaani Illinois, Michigan na Missouri. Kampuni ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 ilikataa kulisikiliza ombi lake. Shauri lilikuwa limefika ukingoni mwa kusikilizwa lilipofutwa Machi 2020, na Julai 2022 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba (mzunguko ni kanda ya mahakama za rufaa za shirikisho) ikaafiki kufutwa huko.

Sababu ya uamuzi huo inafaa kusomwa polepole. Mwanzoni mwa kesi, mdai anaruhusiwa kueleza tu kwamba alilipa zaidi, na mahakama huyachukua maneno yake kuwa ya kweli kwa muda huo. Kampuni ilipoleta ushahidi wa kupinga, wadai nao walitakiwa kujibu kwa ushahidi, lakini walijibu kwa kurejea maelezo ya hati yao ya madai pamoja na maamuzi ya kesi nyingine. Gari pekee lililowahi kudukuliwa lilikuwa lile la jaribio. Mahakama ikaona kwamba madhara hayajathibitishwa, na asiyethibitisha madhara hana haki ya kusimama mbele ya mahakama ya shirikisho. Karibu miaka saba ya kazi, makundi matatu yaliyoidhinishwa, na mwisho wake ukawa huo. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa mchungu lakini si wa ajabu, kwa sababu Desemba 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilikuwa imekwisha kutupa madai yanayofanana nayo dhidi ya Toyota, Ford na General Motors, ikisema kwamba hofu ya kudukuliwa siku moja ni dhana, na kwamba kudai thamani imeshuka bila kuonyesha imeshukaje hakutoshi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliukaza mlango huo zaidi katika shauri la TransUnion, kampuni inayotunza taarifa za mikopo ya watu: katika kundi la watu 8,185 ni 1,853 tu walioonekana kuwa na haki ya kudai fidia, kwa kuwa taarifa za waliobaki zilikuwa na makosa lakini hazikuwa zimepelekwa kwa mtu mwingine yeyote.

Kuna mtego wa pili ambao watu huusahau, nao ni waranti. Waranti nyingi za magari mapya huahidi kurekebisha kasoro za vifaa na za uundaji. Kampuni husema kwamba kosa la programu si la kifaa wala la uundaji, bali ni la usanifu: kila gari limepewa programu ileile, ikafanya kazi kama ilivyoandikwa, na kilichoandikwa vibaya hakimo katika ahadi. Hoja hiyo huniudhi, kwa sababu mnunuzi anaambiwa kwamba kosa likiwa katika gari moja ni haki yake, likiwa katika magari yote si haki ya yeyote. Hata hivyo mahakama nyingi huikubali pale maneno ya waranti yanapoiruhusu, na wakili asiyeijibu mapema hupoteza sehemu hiyo ya madai.

Mtego wa tatu ni usalama. Katika maamuzi kadhaa ya California, kampuni iliyokaa kimya kuhusu kasoro inayojitokeza baada ya waranti kwisha hubanwa zaidi ikiwa kasoro hiyo inagusa usalama. Mkisoma hati za madai mtaona kwamba kamera ya nyuma inatajwa karibu kila mahali, na haitajwi kwa bahati. Tangu Mei 2018 kila gari jipya jepesi linalouzwa Marekani linatakiwa kuwa na picha ya nyuma, na picha hiyo inatakiwa kuonekana ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza gia ya kurudi nyuma. Skrini ikiganda wakati huo, lalamiko la redio limegeuka kuwa lalamiko la mtoto anayeweza kuwa nyuma ya gari.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante kwa mada. Nina swali moja. Magari milioni 1.4 kuitwa yarekebishwe si sawa na kampuni kukiri? Na kama imekiri, mahakama inatafuta ushahidi gani mwingine?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Kuita magari ni kukiri kwamba kuna jambo la kurekebisha. Si kukiri kwamba kila mnunuzi amepata hasara ya fedha, na kwa kweli mara nyingine hatua hiyo huisaidia kampuni kuliko inavyomsaidia mdai. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi iliamua shauri la wamiliki wa Toyota Corolla na Matrix, ambao kompyuta za injini katika magari yao zilikuwa na kasoro. Kampuni ilitangaza kuyaita magari hayo wakati kesi ikiendelea. Jaji Neil Gorsuch, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu, aliandika kwamba ikiwa idara ya usalama barabarani, yaani NHTSA, inasimamia urekebishaji huo, mahakama haina kazi ya maana iliyobaki. Tangu hapo, kuita magari kwa wakati unaofaa kumekuwa ngao ya kampuni, ingawa si kila mahakama imeikubali ngao hiyo. Mdai anayetaka kuishinda anapaswa kuonyesha kwamba urekebishaji hauondoi kasoro, au kwamba kuna fedha alizopoteza ambazo urekebishaji hauzirudishi.

Tazama lililotokea kwa Tesla. Magari ya Model S ya kati ya 2012 na 2018 na Model X ya kati ya 2016 na 2018 yalikuwa na chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 iliyoandikwa data mfululizo hadi ikachakaa. Ikichakaa, skrini hufa, na pamoja nayo kamera ya nyuma, mipangilio ya kuondoa ukungu kwenye kioo na baadhi ya milio ya tahadhari. Januari 2021 NHTSA iliandika barua ikiitaka kampuni iyaite magari takriban 158,000, na ikaeleza kwamba kampuni yenyewe ilithibitisha kuwa chipu zote zingeisha siku moja. Mwezi uliofuata kampuni iliita karibu magari 135,000 na kuweka chipu ya gigabaiti 64. Hapa hakuna anayeuliza kama kuna gari limeumia, kwa sababu kila chipu ina idadi ya kuandikwa inayojulikana, na kila mmiliki anaifikia kwa kadiri ya matumizi yake. Kasoro ya namna hiyo ndiyo inayoingia vizuri katika kesi ya pamoja: ni moja, imo katika kila gari, na gharama ya kuiondoa ina ankara.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, kwa hiyo naomba nizungumzie upande wa karakana, ambako naamini kesi nyingi hushindwa kabla hazijafunguliwa.

Mteja huleta gari akisema skrini inajiwasha upya. Tukiliwasha, skrini inafanya kazi. Fundi anaandika kwamba tatizo halikuonekana, mteja anaondoka. Kwa mujibu wa karatasi, gari hilo halijawahi kuwa na kasoro. Ushauri wangu kwa mwenye gari ni kwamba asikubali kuondoka bila karatasi ya kazi yenye lalamiko lake kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, kilomita au maili, na toleo la programu lililokuwamo siku hiyo. Toleo hilo huonekana katika menyu ya mipangilio, na linaweza kupigwa picha. Skrini ikiganda mbele ya abiria, abiria airekodi video huku dashibodi ikionekana. Afanye hivyo kabla ya kusasisha programu, kwa sababu sasisho linaloshuka usiku kwa njia ya intaneti hubadilisha gari bila kuacha kipande cha chuma kibovu ambacho mtu anaweza kukiweka mezani. Zamani tuliweka kando kifaa tulichobadilisha. Siku hizi ushahidi unafutwa na dawa yenyewe.

Jambo la pili ni waraka wa kiufundi ambao kampuni huwatumia mawakala wake kueleza tatizo na namna ya kulitibu. Marekani kampuni zinalazimika kuzipeleka nyaraka hizo NHTSA, nayo huziweka wazi kwa umma. Waraka uliotoka mwaka mmoja kabla hujanunua gari una uzito mkubwa kuliko malalamiko elfu, kwa sababu unaonyesha kwamba aliyekuuzia alijua.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana, fundi, na naomba kila mtu ausome mchango huo mara mbili. Nitaongeza kwamba lalamiko lililopelekwa NHTSA na mwenye gari mwenyewe nalo hufanya kazi mbili: huingia katika hesabu ambayo idara huitumia kuamua kama ifungue uchunguzi, na huweka tarehe ambayo baadaye kampuni haiwezi kusema haikuwa imesikia. Tena haligharimu kitu.

Kuhusu dawa kufuta ushahidi, kuna kisa kinachoonyesha pia ugumu wa kumtafuta mkosaji. Januari 2022 wenye magari ya Mazda ya kati ya 2014 na 2017 mjini Seattle, waliokuwa wakisikiliza kituo cha redio cha KUOW, waliona mifumo yao ikiingia katika mzunguko wa kujiwasha upya usiokoma, na redio ikang'ang'ania masafa yale ya 94.9. Kituo kilikuwa kimerusha, pamoja na matangazo ya kidijitali, faili za picha ambazo majina yake hayakuwa na kiambishi cha mwisho cha kutambulisha aina ya faili. Redio nyingine zilivumilia, zile hazikuvumilia. Je, aliyekosea ni mrusha faili au mwandishi wa programu iliyokufa kwa faili moja? Mimi nasema ni wa pili bila kusita, kwa sababu kifaa kinachopokea data kutoka nje lazima kitarajie data mbovu. Lakini mbele ya mahakama lingekuwa bishano la wataalamu, na bishano la wataalamu hugharimu.

Mchangiaji wa tatu

Naheshimu michango yote, ila kuna jambo halijasemwa waziwazi. Suluhu zinapofikiwa, wanaonufaika ni mawakili. Mwenye gari hupewa waranti iliyoongezwa muda, wakati gari amekwisha kuliuza. Kwa nini tuwahimize watu?

Mwanzisha uzi

Mkuu, lalamiko lako lina msingi, na silifichi. Suluhu nyingi za skrini zimejengwa juu ya kuongeza waranti. Wamiliki wa Subaru waliodai kuhusu skrini za mfumo wa Subaru uitwao Starlink (si ule wa setilaiti), zilizotengenezwa na Harman, walipata hasa nyongeza ya waranti na kurejeshewa baadhi ya gharama za matengenezo, na wamiliki wa baadhi ya magari ya Honda walipata suluhu ya mtindo huohuo. Aliyeuza gari mapema hupata kidogo, na asiyekuwa na karatasi hupata kidogo zaidi.

Hata hivyo hebu tuangalie njia mbadala. Hasara ya mtu mmoja kwa skrini mbovu inaweza kuwa dola mia chache, au elfu moja na kitu ikiwa amebadilishiwa kifaa kizima. Hakuna wakili atakayeajiri mtaalamu wa programu na mchumi kwa kiasi hicho. Njia pekee ya kulipia kazi hiyo ni kukusanya hasara ndogo za watu wengi, na sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 inayapokea mashauri ya namna hiyo ikiwa kundi lina watu wasiopungua 100 na jumla inayodaiwa inazidi dola milioni 5. Malipo ya mawakili hupitishwa na jaji, na mwanakundi ana haki ya kupinga suluhu au kujitoa ili adai peke yake. Tatizo ni kwamba wachache sana huzisoma barua za taarifa wanazotumiwa, na haki isiyosomwa haina nguvu.

Mawakili nao wana lawama yao. Sheria ya waranti ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inataka kesi ya pamoja chini yake iwe na wadai 100 waliotajwa kwa majina, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilisema kwamba sheria ya 2005 haiondoi sharti hilo. Bado kuna hati za madai zinazofunguliwa zikiwa na majina machache, kisha sehemu hiyo inatupwa na miezi inapotea.

Mchangiaji wa nne

Na gari ambalo halina hitilafu yoyote, ila mtandao wa simu uliokuwa ukilihudumia umezimwa? AT&T ilizima 3G Februari 2022, na magari mengi yakapoteza huduma ya kuita msaada yenyewe baada ya ajali. Je, hiyo ni kasoro?

Mwanzisha uzi

Hapo umegusa sehemu ambayo mimi huiona kuwa ngumu kuliko zote. Limewahi kutokea kabla. Mwaka 2002 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba kampuni za simu hazitalazimika tena kuendesha mtandao wa analogia baada ya miaka mitano, na tarehe ya mwisho ikawa 18 Februari 2008. General Motors iliendelea kwa muda kuuza magari yenye OnStar, huduma yake ya kuita msaada kutoka ndani ya gari, iliyotumia mtandao huo wa analogia. Wamiliki walidai kwamba kampuni ilijua na haikuwaambia. Mashauri yao yalikusanywa mahakama ya Mashariki mwa Michigan, na mwaka 2011 ombi la kuyafanya kesi ya pamoja likakataliwa. Kikwazo kikubwa kilikuwa kwamba kila mnunuzi alilindwa na sheria ya jimbo lake, na sheria hizo hazifanani.

Kwa maoni yangu swali sahihi katika mashauri ya 3G si kama mtandao uliozimwa ni kasoro. Ni kama muuzaji alikuwa na tarehe ya kuzimwa mfukoni siku aliyouza huduma, na kama alimwonyesha mnunuzi. Ulaya wamelishughulikia upande wa programu kwa sheria: tangu 2022 maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu mauzo ya bidhaa yanamtaka muuzaji ahakikishe kwamba bidhaa yenye sehemu za kidijitali inapata masasisho yanayohitajika ili iendelee kuwa kama ilivyouzwa, na maelekezo mapya kuhusu dhima ya bidhaa, yatakayotumika kwa bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya 9 Desemba 2026, yanaitaja programu waziwazi kuwa ni bidhaa. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayosema hivyo kwa magari, kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye kilichosemwa na kilichonyamaziwa siku ya mauzo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, swali la mwisho kwa upande wangu. Nimesikia kwamba kuna mikataba inayomzuia mnunuzi asiingie kabisa katika kesi ya pamoja. Ni kweli?

Mwanzisha uzi

Ni kweli, na ingefaa niliweke mapema zaidi, kwa sababu uzito wake ni mkubwa kuliko yote tuliyojadili. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2011 katika shauri la AT&T Mobility, kifungu cha usuluhishi kinachomtaka mteja adai peke yake mbele ya msuluhishi hupewa nguvu karibu kila mahali. Katika magari ya intaneti kifungu hicho kinaweza kuwa ndani ya mkataba wa ununuzi, au ndani ya masharti ya huduma ambayo mtu huyakubali kwa kugusa skrini ili ramani ifunguke.

Mkataba wa Tesla umekuwa na kifungu hicho pamoja na nafasi ya kujitoa kwa barua ndani ya siku 30. Septemba 2023 jaji wa California aliwapeleka kwa msuluhishi wadai wanne waliolalamikia mfumo wa kujiendesha, kwa kuwa hawakuwa wamejitoa. Agosti 2025 Jaji Rita Lin, katika mahakama hiyohiyo, aliidhinisha kesi ya pamoja ya wanunuzi wa California kuhusu madai kwamba magari yaliuzwa kama yenye vifaa vyote vya kujiendesha. Miongoni mwa walioingia humo ni wanunuzi waliojitoa kwenye kifungu cha usuluhishi. Kwa hiyo, mwenye gari jipya atafute kifungu hicho katika karatasi zake wiki hii, na akikuta nafasi ya kujitoa, aandike barua, aitume kwa njia yenye risiti, na risiti aiweke pamoja na waranti.